Usimchinje Bado: Ndege Wanaobadili Manyoya Mukuru

Leo sitazungumzia bei ya unga wala ya mtungi wa maji. Nataka tuongee manyoya. Manyoya ya kuku, ya kunguru, ya mwewe anayezunguka juu ya bucha. Haya haya tunayoyafagia mlangoni asubuhi bila kuyatupia jicho.

Wapo watakaocheka, najua. Mtu wa Kwa Njenga, hapa Mukuru, Nairobi, nyumba yenyewe ya mabati futi 10 kwa 10, ua wake ni kijia cha kupitisha mtu mmoja na ndoo yake, anaambiwa aangalie ndege! Hiyo si kazi ya watalii wenye darubini kule Mbuga ya Nairobi? Basi inua macho kidogo tu juu ya kamba za nguo. Kunguru yuko juu ya nguzo ya stima. Shomoro wanaingia na kutoka chini ya mabati ya jirani. Njiwa wamejipanga kwenye paa la kiwanda. Yangeyange weupe wanafuata mbuzi kando ya Mto Ngong, na korongo wakubwa wenye vipara wanapita juu polepole wakitafuta jaa. Hatuna miti ya maana, hilo nakubali, lakini ndege tunao, na wengi wao wanatuzoea kuliko wanavyowazoea wale watalii.

Kilichonileta kwenye mada hii ni kuku. Jirani yangu mmoja, mama anayefuga kuku wa kienyeji nyuma ya kibanda chake cha mboga, aliniita asubuhi moja. Akaniambia, "Jirani, hebu njoo umwone huyu. Ameisha." Kijana wake alikuwa amesimama kando, kisu mkononi, maji tayari yako motoni. "Mama, si tumchinje tu kabla hajafa?"

Tukamtazama huyo kuku. Kwa kweli alitia huruma. Shingo ilikuwa tupu, nyekundu, na kifuani manyoya yamebaki mafungu mafungu. Mkia ulikuwa umekwisha kabisa. Lakini jicho lake lilikuwa angavu, na miguu haikutulia: anachakura, anadonoa, anamfukuza mwenzake kwenye maganda ya viazi. Nikamwomba mama amshike vizuri, tukapuliza yale manyoya machache ya shingoni yafunguke. Chini yake ngozi ilikuwa imejaa vijiti vidogo vya rangi ya kijivu na samawati, vimechongoka kama ncha za penseli, vingine vimeanza kupasuka juu na kuonyesha kishungi cha unyoya mpya. Kuku hakuwa anakufa. Alikuwa kazini.

Unyoya ukishakua huwa ni kitu kilichokufa, sawa na ukucha. Hauna damu wala hisia, na ukichakaa hauna namna ya kujirekebisha. Jua la Nairobi linaukausha, vumbi la Viwandani linausugua, na kila ndege anapojipenyeza chini ya mabati, ncha zake zinakatika kidogo. Baada ya miezi mingi unakuwa hauzuii baridi wala maji, na kwa ndege anayeruka, haushiki hewa vizuri. Dawa ni moja: unyoya mpya uote pale pale, uusukume wa zamani utoke. Ule mpya huja umefungwa ndani ya ala, na ndani ya ala hiyo mna damu inayoulisha. Ndiyo maana ukikivunja kijiti kimojawapo kinatoka damu, na kuku anapiga kelele. Unyoya ukikomaa damu inarudi nyuma, ala inakauka na kupukutika kama unga mweupe.

Kuku huanza kichwani na shingoni, akashuka kifuani na mgongoni, kisha mabawa, mkia ukifuata mwishoni. Kazi yote inaweza kuchukua miezi 2 hadi 4. Katika muda huo upanga wake unasinyaa na kupauka, na mayai yanakatika. Hapo ndipo mfugaji anapokasirika: analisha kuku asiyetaga na asiyependeza. Lakini fikiria mzigo alioubeba. Zaidi ya asilimia 85 ya unyoya ni protini, na kuku mzima ana maelfu ya manyoya. Mwili hauwezi kujenga vazi zima jipya na wakati huo huo kutoa yai kila siku. Kitu kimoja lazima kisubiri, na yai ndilo linalosubiri.

Kwa hiyo usimpunguzie chakula eti kwa sababu hatagi. Mwongezee. Omena iliyosagwa ni nzuri sana, hata yale mabaki ya vichwa yanayobaki kwenye gunia la muuzaji. Mchanganyie na pumba na mboga. Yule mama alifanya hivyo, kijana akarudisha kisu jikoni kwa shingo upande, maana alishaanza kuota mchuzi.

Na hapa kuna jambo ambalo wafugaji wa zamani walilijua bila kusoma popote. Kuku anayetaga vizuri huchelewa kunyonyoka, na akianza huyamwaga manyoya kwa haraka, akaonekana kituko kwa muda mfupi kisha akarudi kazini. Kuku mvivu wa mayai ndiye huanza mapema na kuyaangusha moja moja, miezi na miezi, wala huoni aibu yoyote kwake. Basi huyo anayekutisha kwa uchi wake huenda ndiye kuku bora kuliko wote ulio nao, na wewe unamtafutia kisu.

Si kila kuku aliye uchi anabadili manyoya, tusidanganyane. Kama upara uko mgongoni peke yake na kuna jogoo mwenye bidii, hiyo ni kazi ya jogoo. Kama manyoya yamekatika katikati, na shina limebaki, kuna mwenzake anayemdonoa, mara nyingi kwa sababu wamebanana sana. Mgeuze, tazama karibu na tundu la nyuma: ukiona vitu vyeupe vimeganda kwenye mashina ya manyoya, hayo ni mayai ya chawa. Na kuku aliyejikunyata, anayehema kwa mdomo wazi, kinyesi kijani, shingo imejipinda, huyo ana habari nyingine kabisa, pengine Newcastle, ugonjwa unaofagia banda zima kwa siku chache. Huyo mtenge na wenzake upesi, umwite afisa wa mifugo. Chanjo yake ipo na haihitaji utajiri.

Kinachonikera ni ile njia ya mkato. Kuku akiangusha manyoya tu, mtu anakimbilia duka la dawa za mifugo, ananunua pakiti ya antibiotiki, anaimimina kwenye maji ya kundi lote. Hakuna ugonjwa wa kutibu hapo. Pesa imekwenda, dawa imeingia kwenye nyama, na kwenye mayai ya wale wengine wanaotaga, ambayo kesho asubuhi mtoto wako anayala.

Sasa tutoke kwa kuku, maana yeye ni mwanzo tu.

Siku ukipata nafasi, panda juu ya ghorofa la mtaa wa Pipeline, pale kwenye kamba za nguo. Hiyo ndiyo darubini yetu, na haina kiingilio. Kutoka pale unamtazama mwewe usawa wa jicho lako, wakati mwingine hata kutoka juu. Ngoja apite mbele ya jua. Utaona bawa lake lina pengo, unyoya mmoja au miwili haipo. Sasa tazama bawa la pili. Pengo liko pale pale, mahali sawasawa. Unyoya uliodondoka kulia umedondoka na mwenzake wa kushoto, siku moja au siku zinazokaribiana, ili ndege asiegemee upande. Na haangushi mingine mpaka ile iliyotangulia imeanza kujaza nafasi. Ndege wengi huanzia unyoya wa ndani, karibu na katikati ya bawa, wakaelekea nje hadi ncha. Mwewe anaishi kwa kuruka: akose kuruka siku chache, ni njaa. Kwa hiyo hubadili manyoya akiwa angani, akiendelea kunyakua chapati mikononi mwa watoto wa shule.

Korongo naye ni mkubwa mno kumaliza shughuli hii kwa msimu mmoja. Bawa lake moja lina urefu wa zaidi ya mita, manyoya yake ni marefu, na unyoya hukua milimita chache tu kwa siku. Ndege wakubwa wa namna hiyo hubeba manyoya ya umri tofauti kwenye bawa moja, meusi mapya yanayong'aa kando ya yale yaliyopauka yakawa ya kahawia. Ila kile kipara chake na ule mfuko wa shingoni msivihesabu. Hivyo ndivyo alivyoumbwa, hajanyonyoka chochote. Kichwa kisicho na manyoya ni rahisi kukitoa ndani ya mzoga bila kugandwa na damu.

Bata ndio wenye ujasiri wa ajabu. Bata wa mwituni wengi huangusha manyoya yote ya kurukia kwa mpigo, wakakaa wiki kadhaa hawawezi kuruka hata kidogo. Hujificha kwenye matete, wakitegemea maji kuwaokoa. Kwa hao wa kufugwa wanaoogelea kwenye Mto Ngong, maskini, katika maji yale yenye rangi ya kila kiwanda, hutaona tofauti kubwa kwa kuwa hata siku za kawaida hawaruki.

Swali nililoulizwa na kijana mmoja pale stejini lilikuwa zuri: "Msimu wenyewe ni mwezi gani?" Ulaya jibu lake ni rahisi. London siku ya kiangazi ina mwanga zaidi ya saa 16, na ya baridi haifiki hata saa 8. Mwili wa ndege unausoma mwanga huo, na unajua wakati wa kutaga na wakati wa kubadili manyoya. Sisi Nairobi tuko karibu na ikweta, hatufiki hata nyuzi moja na nusu kusini yake. Siku yetu ndefu na siku yetu fupi zinapishana kwa dakika chini ya 10. Mwanga peke yake haumwambii ndege wetu mengi. Anayemwambia ni mvua.

Mvua ikinyesha, majani yanaota, mbegu zinakuja, wadudu wanatoka. Mnazijua zile jioni za kumbikumbi, mulika mwizi inapozungukwa na mabawa mpaka taa inafifia, na asubuhi ardhi yote imetapakaa. Watoto wanaokota, kuku wanaokota, kunguru na mwewe wamewahi kabla ya wote. Ile ni protini ya bure iliyoanguka kutoka angani. Ndege wengi hujenga viota karibu na nyakati hizo, hulea, na makinda yakishatoka, kabla akiba haijakwisha, ndipo hubadili manyoya. Kulea ni kazi nzito, na kuota manyoya ni kazi nzito. Ndege mwerevu hazibebi zote mbili siku moja kama anaweza kuziachanisha. Njiwa ndiye mkaidi. Yeye hutaga karibu mwaka mzima, na manyoya ya bawa lake huyabadili moja moja, polepole, kwa miezi mingi, huku akilea.

Kwa hiyo hapa kwetu hakuna mwezi mmoja wa kuandika kwenye kalenda. Kila ndege ana hesabu yake, na ukitazama vizuri, karibu kila mwezi kuna mmoja aliye nusu uchi mahali fulani.

Kuna pia wanaotudanganya macho. Fumbwe dume, yule mdogo mweusi kwa mweupe, mdomo mwekundu, mkia mrefu kuliko mwili wake wote, huonekana kwenye bustani na nyasi za Nairobi nyakati za kuzaa, akiringa mbele ya majike. Kisha siku moja hayupo. Watu husema amehama. Hajahama. Ameangusha mkia wake, amevaa manyoya ya kahawia yenye michirizi kama ya jike, na sasa anakula mbegu katikati ya kundi huku unamtazama bila kumjua. Shomoro dume naye ana ujanja wa kinyume. Kile kidevu cheusi hakioti upya msimu wa uchumba ukifika. Manyoya yake yakiwa mapya yana ncha za kijivu zinazoufunika weusi, na zile ncha zinapochakaa na kukatika ndipo weusi unatokeza. Wengine hupendeza kwa kuvaa kipya. Shomoro hupendeza kwa kuvaa kilichochakaa.

Halafu kuna wageni. Mbayuwayu wanaokaa foleni kwenye nyaya zetu kuanzia mwisho wa mwaka, wengi wao wamezaliwa Ulaya na Asia. Wanafika huku na mabawa yaliyochoka safari, na Afrika ndiko wanakobadili manyoya yote ya kurukia, taratibu kabisa, kwa kuwa chakula chao kiko hewani na lazima waendelee kukifukuza. Mwezi wa Januari tazama zile nyuzi mbili za mkia: kwa wengi utaona mmoja mfupi, au hazipo. Kufikia Machi zimerudi, na mbayuwayu yuko tayari kuondoka. Yule ndege mdogo wa manjano anayetikisa mkia kwenye viwanja vya mpira vyenye maji maji naye huja mwezi wa Oktoba amepauka. Rangi yake ya kifahari anaishonea hapa Afrika, kisha anaipeleka Ulaya kuonyesha. Ukiniuliza, nguo hiyo ni yetu.

Maarifa haya hayakuja kwa kubahatisha. Kule Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 watafiti na wanaojitolea hukusanyika usiku wa ukungu, Novemba na Desemba, wakati ndege wahamiaji wanaposhuka kufuata taa za hoteli ya pale. Huwakamata kwa nyavu laini, huwavisha pete nyepesi mguuni, hukagua bawa unyoya kwa unyoya, kisha huwaachia. Na hapa mjini, Bi Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi mwaka 1971, wakikutana Makumbusho ya Taifa. Matembezi hayo yameendelea kwa miaka mingi chini ya shirika la Nature Kenya. Vijana kadhaa waliojifunzia pale leo wanaishi kwa kazi ya kuongoza watalii. Kijana wa Mukuru anaweza kupanda matatu akafika.

Nimebakiza jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, linazidi yote niliyosema. Okota unyoya mrefu wa kunguru, ule wa bawa au wa mkia. Ushike kwa ncha, uuinamishe taratibu kwenye mwanga wa mlango. Utaona mistari inaupita kwa upana, mmoja wa giza, mmoja wa mwanga, tena na tena hadi mwisho. Kila jozi, wa giza na wa mwanga, ni siku moja na usiku wake. Mtafiti wa Marekani, Thomas Grubb, alilifanyia kazi jambo hili na mwaka 1989 akalipa jina kama tawi la elimu linalojitegemea. Mistari ikiwa mipana, ndege alikuwa akila vizuri. Ikibanana, alikuwa na njaa. Na mahali pengine utaona mstari mwembamba ambapo unyoya ni kama umekonda, unapitisha mwanga na ni rahisi kuvunjika hapo. Siku hiyo ndege alipata shida kubwa, njaa au hofu au ugonjwa. Nimeushika mmoja hapa mezani sasa hivi. Karibu na shina mistari ni mipana, kisha inabanana ghafla, kuna mstari mmoja mwembamba wa shida, halafu inapanuka tena. Kunguru huyu alipita siku mbaya hapa hapa mtaani kwetu, akaendelea kuota manyoya.

Basi ombi langu kwenu ni dogo. Wazazi, wanyang'anyeni watoto manati. Ndege mwenye mapengo bawani huruka mzito, na kumpiga si ushujaa, tena sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikuruhusu. Mfugaji, usiving'oe vile vijiti vyenye damu, na usimkamate kuku wako ovyo, vinamuuma. Mpulizie manyoya, tazama kama mapya yanaota, mwongezee omena, ndipo uamue habari ya kisu. Kuku wakifa wawili watatu kwa mpigo, usile, usiuze, piga ripoti. Na ukiokota unyoya wa kunguru, usome mpaka mwisho, kisha unawe mikono kwa sabuni kabla hujagusa chapati yako.